Vifaa janja vingapi kwa malupango mangapi? Hesabu ya kufanya kabla ya kununua

Kazi yangu hapa Lubumbashi, Kongo, ni kufunga vifaa janja: taa, kamera, swichi na vingine vinavyoamrishwa kwa simu. Kila mwisho wa mwezi simu yangu inalia, na swali ni lile lile: "Fundi, ruta hii inabeba vifaa vingapi?" Ruta ndiyo kisanduku kinachogawa Wi-Fi nyumbani. Anayeuliza huwa na nyumba anayoishi mtaa wa Golf, lupango (kiwanja chenye nyumba ndani ya uzio) la kupangisha Kampemba, na mara nyingi nyumba ya urithi mji wa Likasi au Kasumbalesa. Anataka nimtajie namba moja aende nayo dukani. Nikimtajia, baada ya miezi miwili atarudi na swali jingine: "Fundi, mbona taa hazisikii tena?"

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii nilifunga vifaa 27 kwenye nyumba moja ya Bel-Air, ruta ya 4G ikiwa imeandikwa 32. Nilijiona nimebakiza nafasi. Mchana tulijaribu, kila kitu kikaitika, nikalipwa, nikaenda zangu. Jioni kuran (umeme) ikakatika, ikarudi saa 19h00. Wakati huo watoto wako nyumbani, televisheni mbili zinawaka, wageni wamekuja, kila mtu na simu yake. Simu zikawahi, ruta ikajaa, na injini ya geti ikabaki nje ya mtandao. Mama mwenye nyumba naye akabaki nje ya geti na mifuko ya soko, mpaka sentineli (mlinzi) alipokumbuka ufunguo wa mkono uko wapi. Aliponipigia hakupaza hata sauti: "Papa, kuya utoshe bintu byako." Yaani, njoo uondoe vitu vyako.

Vifaa nilivihesabu. Watu sikuwahesabu, na hesabu yenyewe niliifanya mchana. Uwezo wa nyumba unapimwa zile dakika tano baada ya kuran kurudi, vifaa vyote vikiamka pamoja na kugombania mlango mmoja. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya dakika hizo tano, nyumba moja baada ya nyingine.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Daftari, kurasa mbili kwa kila nyumba. Karatasi inabaki hata simu ikiibwa.
- Jina na namba ya modeli ya kila ruta (zimebandikwa chini yake), pamoja na neno la siri la kuingia kwenye mipangilio yake. Hili ni tofauti na neno la siri la Wi-Fi.
- Simu yenye programu ya bure ya kuonyesha mawimbi ya Wi-Fi ya majirani.
- Kipima-wati cha kuchomeka kwenye prizi (soketi). Kama huna, soma kibandiko cha adapta: zidisha volti kwa ampea. Utapata namba iliyo juu ya matumizi halisi, na hiyo haina ubaya.
- Mtu mmoja wa kuaminika kwa kila nyumba: sentineli, mpangaji, au ndugu. Bila yeye usifunge chochote nyumba ya mbali.
- Nusu siku kwa kila nyumba. Ukitaka kumaliza nyumba tatu Jumamosi moja, utamaliza moja na kuzibahatisha mbili.

Hatua ya 1: Hesabu kilichopo, kisha hesabu watu

Chora safu tatu kwenye ukurasa. Ya kwanza ni vifaa vya watu: simu, televisheni, kompyuta. Ya pili ni vifaa vinavyokaa siku zote: kamera, ampuli (balbu) janja, prizi, swichi, sensa (vihisi vya mlango au mwendo), pampu, geti. Ya tatu ni wageni.

Safu ya tatu ndiyo inayosahaulika. Siku ya matanga, au siku wakwe wanapokuja, nyumba ya watu sita inakuwa na simu ishirini. Hesabu siku ya wageni ya kawaida, kisha andika kando siku mbaya kabisa uliyowahi kuiona.

Mfano nitakaobeba mpaka mwisho: nyumba ya Golf. Vifaa vya watu 13. Kamera 4, ampuli 8, prizi 6, swichi 5, sensa za milango 6, sensa za mwendo 4, pampu 1. Jumla 47. Wageni 8.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya kweli ya ruta, kisha ipunguze

Ruta ina namba tatu, na wauzaji hukutajia ile inayouza.

Kuna anwani. Mtandao wa kawaida wa nyumbani, ule unaoanza na 192.168.1, una anwani 254 za kutumia. Muuzaji akikwambia "inabeba 254", anakusomea hiyo. Kuna kiasi ambacho ruta imeruhusiwa kugawa yenyewe, kwenye ukurasa ulioandikwa DHCP. Mara nyingi ni 100 tu, kutoka .100 hadi .199, na unaweza kuipanua mwenyewe. Halafu kuna idadi ya vifaa ambavyo redio ya Wi-Fi inaweza kuvishika kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo namba yako. Modemu ndogo za mfukoni huwa 10 au 16. Ruta za mezani za 4G nyingi ni 32, nyingine 64. Itafute kwenye karatasi iliyokuja na ruta, usiitafute kwa muuzaji.

Ukishaipata, fuata mistari miwili:

- Siku ya kawaida usipite theluthi mbili ya namba hiyo. Kwa ruta ya 32, mwisho ni 21.
- Siku ya wageni usipite namba yenyewe.

Nyumba yetu ya Golf ina 47 kabla mgeni hajaingia. Kwa ruta ya 32 imeshashindwa. Watu wengi wakifika hapa hukimbilia ruta ya bei kubwa. Subiri kidogo.

Onyo: kuwapa wageni mtandao wao tofauti ndani ya ruta ile ile ni jambo jema kwa usalama, lakini redio ni moja, kwa hiyo nao wanahesabiwa. Vivyo hivyo kile kirudisha-mawimbi cha kuchomeka ukutani: kinafikisha Wi-Fi chumba cha nyuma, ila mzigo wa vifaa hivyo bado unapitia ruta kuu.

Hatua ya 3: Ondoa vitu vidogo kwenye Wi-Fi

Sensa ya mlango inatuma neno moja, "umefunguliwa", labda mara kumi kwa siku. Kuipa nafasi sawa na televisheni ni kumkalisha mtu mmoja kwenye basi tupu. Vifaa vya namna hii viweke kwenye Zigbee, redio ya nguvu ndogo iliyo kando ya Wi-Fi. Vyote vinaongea na habu moja (kisanduku kinachoviunganisha), na habu inachukua nafasi moja tu kwenye ruta.

Golf: ampuli 8, swichi 5, prizi 6 na sensa 10 zinahamia Zigbee. Ni 29. Kwenye ruta vinabaki vifaa vya watu 13, kamera 4, pampu 1 na habu 1, yaani 19. Siku ya wageni 27. Mistari yote miwili imetimia, na ruta ni ile ile.

Habu nayo ina mipaka yake. Ile ya kawaida ya Philips Hue inapendekezwa kwa taa kama 50. Nyingine za bei nafuu zimeandikwa 100 au 128 kwenye boksi, lakini namba hizo zinajumlisha vifaa vinavyoifikia habu kwa kupitia vifaa vingine. Vinavyoishika moja kwa moja ni vichache zaidi. Katika Zigbee, kifaa kinachokula umeme wa ukutani hupitisha ujumbe wa wenzake. Kile cha betri hakipitishi.

Hapa ndipo ninapoona kosa kila siku. Mtu anahesabu ampuli janja kuwa ni wapitishaji. Kisha bibi anazima taa ukutani kama alivyozoea tangu nyumba ijengwe, ampuli inakufa, na sensa tatu zilizokuwa zikipitia kwake zinapotea. Swichi janja zisizotumia waya wa nyutrali (waya wa kurudisha umeme) nazo kwa kawaida hazipitishi, na nyumba nyingi za zamani hapa Lubumbashi hazina nyutrali kwenye kisanduku cha swichi. Kwa hiyo hesabu prizi tu. Golf ina 6: ziweke moja kila vyumba viwili, nyingine kwenye veranda, na mambo yataenda.

Mambo mengine, kwa haraka. Usiweke ampuli janja nyuma ya swichi janja, chagua moja. Habu ikae mbali na ruta kwa mita moja au mbili. Wi-Fi ikiwa chaneli 1 au 6, weka Zigbee chaneli 25, kama habu yako inaruhusu kuchagua. Chaneli 26 iache, maana kuna vifaa vinavyoikataa. Na kama ndugu wa Marekani amekutumia vifaa vya Z-Wave (redio nyingine ya vifaa janja), jua kwamba masafa ya kule ni 908 MHz na ya Ulaya ni 868 MHz: haviongei kabisa, hata jina likiwa moja. Angalia pia volti. Kifaa kilichoandikwa 120 V tu kitakuaga kwa harufu.

Hatua ya 4: Pima ampea, maana hapa ndipo moto unapoanzia

Idadi ikishakaa sawa, angalia mzigo. Prizi janja iliyoandikwa 10 A inabeba wati 2,200 kwa volti 220. Ya 16 A inabeba 3,520. Hiyo ni kwenye karatasi. Mimi sipiti asilimia 80: wati 1,760 kwa ile ndogo, 2,816 kwa ile kubwa. Boila ya wati 2,000 kwenye prizi ya 10 A itafanya kazi wiki ya kwanza, ya pili, na siku moja utakuta plastiki imebadilika rangi.

Pampu ya forazi (kisima cha kuchimba) ni mnyama mwingine. Ya nguvu ya farasi moja ni wati 746 kwenye kibandiko, lakini inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida. Usiichomeke kwenye prizi janja ya aina yoyote. Weka kontakta kwenye kisanduku cha dijonktere (swichi za kukata umeme), halafu kifaa janja kiamrishe kontakta. Kama hujui kontakta ni nini, mwite fundi umeme. Hatua hii sikuruhusu uifanye kwa kufuata video.

Vifaa vinavyopitia Zambia huja na plagi ya miguu mitatu ya bapa, wakati prizi zetu ni za matundu mawili ya duara. Adapta zile za bei rahisi hulegea, zikilegea hupata moto. Kata plagi ufunge nyingine nzuri, au nunua kifaa cha plagi yetu.

Hatua ya 5: Betri ya dakika tano, na ya usiku

Ruta na habu zikizimika pamoja na nyumba, zinaamka pamoja na nyumba. Ruta inachukua dakika mbili au tatu kuwa tayari, na kwa muda huo vifaa vyote vinabisha mlango ambao haujafunguka. Vingine vinakata tamaa na havirudi mpaka uvizime na kuviwasha. Kwa hiyo jambo la kwanza, hata kabla ya kamera ya kwanza: ruta na habu viwe kwenye betri. Kijisanduku kidogo cha betri cha 12 V cha kulishia ruta kinatosha kwa delestaji (mgawo wa umeme) ya saa mbili tatu.

Ukitaka kamera usiku kucha, piga hesabu. Golf: ruta wati 10, habu 2, kamera nne 20, kinasa picha 15. Jumla 47. Kwa saa 12 unahitaji 564 Wh. Betri ya asidi ya 12 V na 100 Ah ina 1,200 Wh kwa jina. Ukitaka idumu, tumia nusu, yaani 600. Inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) inapoteza kama asilimia 15, unabaki na 510. Gawa kwa 47: karibu saa 11. Kamera zitazimika saa moja kabla ya alfajiri, na wezi nao wanajua kuhesabu. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo, ukitumia asilimia 80, inakupa saa 17 hivi.

Kosa la kawaida: inveta kubwa ya wati 3,000 kwa ajili ya mzigo wa wati 47. Inveta kubwa inakula yenyewe hata bila mzigo, na kwa mzigo mdogo hivi inaweza kula karibu sawa na vifaa vyako vyote. Ruta na kamera nyingi hutumia 12 V. Zilishe moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia kidhibiti cha 12 V, na inveta iachie televisheni.

Kama umeweka Starlink, ambayo ilipata leseni nchini mwaka 2025, ongeza wati 75 hadi 100 kwa sahani ya kawaida. Rudia hesabu ya juu uone betri ile inafika wapi.

Na kabla ya Novemba, mvua na radi hazijaanza, weka parafudre (kinga ya radi) kwenye kisanduku kikuu pamoja na relé (swichi inayojiendesha) ya kulinda volti. Parafudre bila waya mzuri wa ardhini ni pambo. Relé iweke icheleweshe kuran kwa dakika tatu ikirudi: mawimbi ya kwanza ya volti yanakwisha, na vifaa vyako vinaamka ruta ikiwa tayari inawangoja.

Hatua ya 6: Mega

Swichi na sensa hazili mega (data za intaneti) za maana. Kamera ndiyo inakula. Kamera inayotuma picha kwenye wingu muda wote kwa 1 Mbps inatumia MB 450 kwa saa, GB 10.8 kwa siku, GB 324 kwa mwezi. Hiyo ni kamera moja. Zidisha kwa nne, kisha angalia bei ya forfe (kifurushi cha mega) yako.

Dawa yake: kamera zirekodi nyumbani, kwenye kadi au kinasa picha, na zitume picha tu unapofungua programu au mtu anapopita. Kadi ya GB 64 kwa mwendo ule inashika karibu siku sita, kisha inaanza kufuta za zamani. Kwa nyumba isiyo na mtu siku sita zinatosha, mradi mtu aangalie kabla siku hizo hazijaisha.

Halafu zima masasisho ya kiotomatiki ya televisheni nyumba za kupangisha. Nimewahi kuona forfe ya mwezi ikiisha usiku mmoja kwa sababu hiyo.

Hatua ya 7: Kila lupango lisimame peke yake

Nyumba ya Likasi iko kilomita kama 120 kutoka hapa. Taa yake ya ua isingoje amri kutoka Lubumbashi ndiyo iwake. Kila nyumba iwe na ruta yake, habu yake na ratiba zake ndani ya habu, ili mtandao ukikatika kazi iendelee. Programu kwenye simu yako ni dirisha la kuchungulia tu.

Akaunti iwe moja, kwa barua pepe ya mwenye mali. Si ya fundi, si ya mpwa anayejua kompyuta. Nimeitwa mara nyingi kufungua nyumba ambazo fundi wa kwanza alihamia Kolwezi na akaunti zake. Ndani ya akaunti tengeneza nyumba tofauti, na wengine waalike kama wageni ili uweze kuwaondoa.

Majina uyapange: GLF-JIKO-PRIZI1, KPB-UA-TAA2, LKS-GETI. Ukiwa na "Taa 1" tatu katika nyumba tatu, siku moja utamzimia mpangaji taa akiwa anaoga.

Saa. Hii inawasumbua watu wa upande wetu wa nchi. Programu nyingi ukichagua nchi yetu zinakuwekea saa ya Kinshasa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa moja. Chagua Africa/Lubumbashi kwa mkono, nyumba kwa nyumba. Na kama habu inajua kufuata machweo, tumia hayo badala ya saa maalumu: Juni jua linazama kabla ya 18h00, Januari linapita 18h30.

Laini za SIM za 4G kwa kawaida hazikupi anwani ya wazi ya intaneti, kwa hiyo zile video za kukufundisha kufungua mlango kwenye ruta ili uone kamera ukiwa mbali hazitakusaidia. Tumia huduma ya kamera yenyewe, au VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani) kama WireGuard au Tailscale, ikiwa una kompyuta ndogo ya Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa janja) pale nyumbani.

Lupango lenye wapangaji lina sheria zake. Wapangaji wasiwe kwenye ruta yako: wakiwa watatu, na kila mmoja ana simu nne na televisheni, hesabu yako yote imekufa. Wawe na zao. Ila ruta nne ndani ya uzio mmoja zinagongana, kwa kuwa 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11. Keti nao, mgawane. Mbili zitakazolazimika kushirikiana chaneli ziwe zile zilizo mbali zaidi, na upana wa chaneli uwe 20 MHz kwa wote. Vifaa vyako viishie kwenye vya wote: taa ya ua, tangi, pampu, geti. Kamera isielekee mlango wala dirisha la mpangaji, na uandike kwenye mkataba kamera ziko wapi na zinaona nini. Mama mmoja wa Kampemba alikuta mpangaji ameivika kamera soksi. Nilimwambia mpangaji ana haki.

Kwa nyumba ya mbali, punguza. Mimi Likasi siweki zaidi ya vifaa 10 vya Zigbee na kamera mbili, hata kama ruta inabeba 64, kwa sababu kila kifaa kinachoharibika ni safari.

Hatua ya 8: Chagua kifaa kiamkeje

Prizi na swichi janja nyingi zina mpangilio wa hali baada ya kuran kurudi: iwake, izimike, au irudie ilivyokuwa. Usiiache kama ilivyotoka kiwandani.

Pampu, boila, pasi: izimike. Taa ya ua na ya geti: iwake. Friji: iwake, lakini nyuma ya ile relé ya kuchelewesha. Taa za vyumba: irudie ilivyokuwa, au zitawaka zote usiku wa manane na kuamsha nyumba nzima.

Hatua ya 9: Jaribio la dijonktere

Sasa fanya kile ambacho mimi sikukifanya Bel-Air. Chagua jioni, watu wote wakiwa ndani. Zima dijonktere kuu. Ngoja dakika 10. Washa. Usiguse simu. Baada ya dakika tano, zikianza kuhesabiwa pale relé inapoiachia kuran, fungua programu uhesabu vifaa vilivyorudi.

Rudia mara tatu, uandike. Vikirudi vyote mara tatu, nyumba hiyo imepita. Kikikosekana kile kile kila mara, tatizo ni mahali kilipo. Vikikosekana tofauti tofauti, ruta imejaa, rudi hatua ya 2. Ukishaongeza vifaa vitano vipya, jaribio linaanza upya.

Ikikwama

Vifaa vya chumba kimoja vinapotea kila jioni. Simama pale pale na programu ya mawimbi. Mara nyingi ni mabati, au ukuta mnene wa nyumba za zamani za Gécamines (kampuni ya migodi), au jirani amehamia chaneli yako. Ongeza prizi moja ya Zigbee katikati ya njia kabla ya kununua ruta.

Kifaa kipya kinakataa kuunganishwa, vya zamani viko sawa. Simu yako iko kwenye 5 GHz, kifaa kinajua 2.4 GHz tu. Zima 5 GHz kwa dakika kumi, unganisha, rudisha. Kama bado, angalia kama ruta imefika mwisho wake: toa simu tano kwenye Wi-Fi ujaribu tena.

Kila kitu kinaonyesha "nje ya mtandao" na nyumba ni ya mbali. Usianze na vifaa. Mpigie sentineli umuulize mambo matatu kwa mpangilio: kuran ipo? taa ya ruta ni ya rangi gani? laini ina mega? Mara nyingi hufiki swali la tatu.

Ruta ya mbali inaganda kila baada ya siku chache. Weka kipima-saa cha kuizima na kuiwasha tena kila alfajiri, kiwe cha dijitali chenye betri yake ndani. Kile cha kuzungusha kwa mkono husimama kuran ikikatika. Baada ya wiki moja ya delestaji kitakuwa kinaizima ruta saa sita mchana.

Sensa zinakula betri kwa mwezi mmoja badala ya mwaka. Zinahangaika kutafuta njia. Kuna mpitishaji amezimwa, na huenda ni prizi ambayo mtu ameichomoa ili achaji simu.

Ampuli ya LED inawaka hafifu hata swichi janja ikiwa imezimwa. Ni swichi isiyo na nyutrali: inapitisha umeme kidogo kupitia ampuli ili yenyewe ibaki hai. Funga kile kikapasita kidogo kilichokuja ndani ya boksi la swichi, sambamba na ampuli, dijonktere ikiwa imezimwa. Kama umekitupa pamoja na boksi, vinauzwa peke yake.